Mgonjwa wa Mia Nne na Kumi na Tatu

King'ora kilianza kulia saa kumi na robo alasiri. Kilipanda, kikashuka, kikapanda tena, kikitokea upande wa migomba. Mjomba Kasiani alikisikia akiwa bado hajaona kitu. Alikuwa ndiyo kwanza ameshuka kwenye gari la mizigo kutoka Tegetero, kule mlimani, mkungu wa ndizi kichwani, anaufuata uchochoro wa kwetu Bigwa. Akafanya anachofanya mtu mwenye adabu zake: akatoka njiani, akaingia mtaroni, akasimama wima na mkungu wake, akasubiri gari la wagonjwa lipite.

Halikupita. King'ora kililia palepale, hakisogei wala hakipoi. Mama mmoja aliyekuwa anachambua mchicha ng'ambo ya uchochoro alimwamkia, akajibiwa kwa macho tu, maana kichwa kilikuwa na kazi nyingine. Shingo ilipoanza kumkatalia ndipo Mjomba alipogundua kwamba sauti inatoka dirishani kwangu.

"Shikamoo, Mjomba," nilisema bila kugeuka. Nilikuwa nakata kona.

"Marahaba. Gari liko wapi?"

"Gari gani?"

"La wagonjwa. Nimelipisha njia mpaka nimeota mizizi. Limo humu ndani?"

Nikamwonyesha kwenye kioo cha kompyuta. Aliinama, akaliangalia gari langu jeupe lenye mstari mwekundu likipita katikati ya mji, magari mengine yote yakikaa pembeni kulipisha. Akatua mkungu sakafuni polepole, kama mtu aliyeibiwa.

Nieleze hapa mara moja, maana sipendi kurudia. Asubuhi mimi nachomelea mageti Kihonda. Huko jina langu ni "Wewe". Wewe, lete grenda. Wewe, shika hapa, usitikisike. Lakini kuanzia saa kumi alasiri mimi ni Dokta Radi, mhudumu wa gari la wagonjwa namba mbili katika jiji la Bandari Mpya. Jiji hilo haliko popote ila kwenye kompyuta na simu za watu kama mia mbili waliotapakaa nchi nzima. Ni mchezo, ndiyo, lakini hakuna anayeshinda wala kushindwa. Unaishi tu. Kuna polisi, kuna wezi, kuna mama ntilie, kuna mchungaji mwenye waumini saba na sadaka anaidai kwa ukali. Unaongea kwa mdomo wako mwenyewe kwenye maiki, kana kwamba mambo yote ni kweli, na ukitoka nje ya nafasi yako unaadhibiwa.

Watu huniuliza raha yake nini. Raha yake ni kwamba nikiwasha king'ora, napishwa. Mtu aliyeitwa Wewe tangu saa mbili asubuhi anaelewa ninachosema.

Na sikupewa bure. Kompyuta yenyewe haikuonyeshi mikono inafanya nini, kwa hiyo mhudumu lazima atamke kila tendo: nafungua njia ya hewa, nabana jeraha, natundika dripu. Mgonjwa anajibu anavyojisikia, nawe unaendelea. Nimejifunza mwenyewe, usiku na mchana, kwa kusoma vijitabu vya huduma ya kwanza, na maneno yangu nayapanga yakae sawa, yasigongane. Siku ile nilikuwa nimehudumia wagonjwa mia nne na kumi na wawili. Waliokufa mikononi mwangu: hakuna. Evance, kijana wa Dar ambaye ndiye mwenye seva, yaani ile kompyuta kubwa ambamo jiji letu zima linakaa, alikuwa ameshasema kwamba Jumatatu atanitangaza kuwa mkuu wa magari yote ya wagonjwa.

Ilikuwa Jumamosi.

"Na hao wagonjwa," Mjomba aliuliza, "jamaa zao wako wapi?"

"Hawana jamaa, Mjomba. Ni mchezo."

"Hata mmoja wa kuleta uji?"

"Hakuna uji."

"Unamwokota mtu barabarani, hujui ukoo wake, hujui nani umwambie, unamtia garini unaondoka naye." Alivuta kigoda akakaa nyuma ya bega langu. "Kwetu huo ni wizi."

Ningemjibu, ila redio ililia. Alikuwa Shadia, anayepokea simu za dharura za Bandari Mpya. Kwa kweli Shadia ni fundi cherehani wa Kihonda, na maelekezo yake yote huja na mngurumo wa cherehani nyuma yake.

"Gari namba mbili. Mtu kaanguka na pikipiki karibu na kituo cha mafuta. Anapumua, analalamika."

"Namba mbili nimepokea," nilisema. "Nipo njiani kama mshale."

"Fika tu, Radi. Mishale baadaye."

Hapa kuna jambo moja lazima lijulikane. Hedifoni zangu nilizikalia Ijumaa, zikavunjika. Kwa hiyo sauti zote zilikuwa zinatoka kwenye spika, na maiki ilikuwa wazi mezani, inasikia kila kinachosemwa chumbani. Nilijua hivyo. Ila nilimsahau Mjomba.

Mgonjwa alikuwa amelala chali kando ya pampu, jina lake limeandikwa juu ya kichwa: Chuma Mzito. Nilimfahamu kwa sura. Alikuwa dereva wa pikipiki, amekaa Bandari Mpya zaidi ya miaka miwili. Juu ya kioo changu ulitokea mstari mwekundu. Huo mstari ndio uhai wa mgonjwa. Unapungua taratibu kwa dakika kumi, na ukiisha kabla hujamtibu, amekufa. Na Bandari Mpya ukifa jina lako linafutwa moja kwa moja. Pikipiki yako, nyumba yako, miaka yako miwili, vyote vinakwenda.

"Tulia, ndugu," nilisema kwa sauti yangu ya kazi. "Mimi ni Dokta Radi. Naweka kola shingoni. Unaumia wapi?"

"Mguu," alisema Chuma Mzito. Ilikuwa sauti nzito ya mtu mzima, na nyuma yake yalisikika maji yanatiririka. "Na ubavu. Na roho kidogo."

"Muulize mama yake ni wa ukoo gani," alisema Mjomba.

Nilimpungia mkono anyamaze. Pale kwenye kioo, Chuma Mzito alinyamaza yeye.

"Nani huyo anauliza ukoo?" alisema baadaye. Sauti ilikuwa imebadilika. Lafudhi ya mlimani, aliyokuwa ameificha, ilitoka mafichoni. "Mwambie mama yangu ni wa ukoo fulani."

Akautaja. Mimi sitautaja hapa, kwa sababu wenyewe wakijitambua watakuja kudai kuku. Mjomba aliusikia, akapiga paja lake kofi ambalo nadhani lilisikika Dar.

"Mtani," alisema. "Fidelis, zima gari. Mwache afe."

Asiyetoka kwetu atashangaa, kwa hiyo naeleza tena. Waluguru tuna utani baina ya koo na koo. Watani wako ndio wanaokuzika. Wanachimba, wanabeba, wanaongoza shughuli yote, wanadai kuku wao, na wakati wote huo wanawatukana wafiwa na marehemu bila huruma, na hakuna ruhusa ya kukasirika. Kwetu ukoo unafuata mama, kwa hiyo ukoo wa Mjomba ndio ukoo wa mama yangu, na ndio wangu. Na ukoo wa yule mtu aliyelala kando ya pampu ulikuwa unatuzika sisi, nasi tunawazika wao, tangu milima ilipowekwa pale.

"Kumbe ni ninyi wenye vichwa kama viazi mviringo," alisema mgonjwa, na ubavu haukuonekana kumsumbua tena. "Nilishangaa kwa nini gari limekuja linayumba."

"Vichwa vyetu vina kitu ndani," Mjomba alijibu, akisogea kwenye maiki kama mtu anayesogelea bakuli la nyama. "Ninyi babu yenu tulimzika mara mbili, maana mara ya kwanza miguu ilibaki nje."

"Na baada ya kumzika mlikula nini? Mlikula mpaka sufuria. Mpaka leo tunaidai ile sufuria."

"Mjomba," nilisema, "mstari unapungua."

"Nani tena anaongea kama kuku anayetaga?"

Mgonjwa alikuwa ananiulizia mimi. Mimi, Dokta Radi. Watu walikuwa wameanza kusimama kuzunguka pampu: polisi wawili, mama ntilie, mchungaji na waumini wake wanne. Nilikuwa na njia mbili. Njia ya kwanza ilikuwa kuzima maiki, kumtoa Mjomba chumbani na kuanza upya kwa upole. Sijui kwa nini hata naitaja.

"Nafunga bandeji," nilisema kwa sauti ya kazi. "Naifunga mdomoni, maana jeraha kubwa liko hapo. Napima presha. Presha ipo, akili haipo. Naangalia mboni za macho. Zinaangalia mkungu wa ndizi wa mjomba wangu."

Chuma Mzito alicheka mpaka akakohoa. Mjomba akanipiga bega kwa furaha ambayo sijawahi kumwona nayo tangu nizaliwe. Mgonjwa akaniambia kwamba dripu yangu bila shaka ni maji ya kuoshea miguu ya shangazi zangu. Nikamwambia dripu ya heshima haiingii kwenye mishipa ya ukoo wake, inarudi yenyewe kwenye chupa. Watu wakazidi kujaa. Ninavyokumbuka, nilikuwa katikati ya sentensi nzuri kuliko zote nilizowahi kutunga, sentensi iliyokuwa na jeneza, ngazi na mbuzi wa kuazima, wakati kioo kilipokuwa cheusi upande mmoja na maandishi meupe yakatokea.

*Chuma Mzito amefariki dunia.*

Pampu ikabaki peke yake. Maji yaliyokuwa yanatiririka kwenye spika yakakatika.

"Gari namba mbili," alisema Shadia, cherehani imesimama. "Hali ya mgonjwa?"

Mjomba alijiegemeza ukutani.

"Amekufa?"

"Amekufa kwenye mchezo, Mjomba."

"Na nani anazika?"

"Hakuna anayezika. Mwili unayeyuka."

Mjomba alitazama ile sehemu tupu kando ya pampu. "Mji wa hovyo," alisema.

Kabla ya saa kumi na mbili jioni malalamiko yalikuwa ishirini na sita. Mchungaji peke yake aliandika matatu. Evance alinipigia simu, akaongea taratibu, na Evance akiongea taratibu ujue mambo ni mabaya.

"Umemtukana mgonjwa. Umemruhusu mtu asiye mchezaji aongee. Umemwacha mgonjwa afe huku watu wanakuangalia. Fide, wewe ndiye niliyekuwa nakutolea mfano."

"Yule ni mtani wetu."

"Wewe kabila gani?"

"Mluguru."

"Na yeye?"

"Mluguru."

"Sasa Mluguru na Mluguru utani umetoka wapi?" aliuliza. "Kesho saa nane mchana, ukumbi wa jiji. Uje na sare."

Nilikaa na simu mkononi. Siku mbili kabla ya ukuu, nakwenda kuvuliwa hata uhudumu. Jumatatu ningeamka Wewe, nikalala Wewe. Nilikasirika na Mjomba, nikakasirika na maiki, nikakasirika na yule mtu mwenye sauti nzito ambaye sasa hivi bila shaka alikuwa anahesabu kisasi chake.

Ndipo ujumbe wake wa sauti ulipoingia. Alikuwa amepata namba yangu kwa Shadia.

"Mtani," alisema, na maji yale yalikuwepo tena nyuma yake. "Jina langu ni Tomasi. Niko Dakawa, nalinda mifereji ya mashamba ya mpunga. Hayo unayoyasikia ndiyo maji yenyewe. Niko huku miaka kumi na moja. Mama alinifuata, akafia huku. Aliyeongoza mazishi ni mwenyekiti wa kitongoji, mtu mzuri, kwa adabu kubwa mno. Watu walisimama kimya wakatoa pole. Hakuna aliyemtukana mama yangu hata neno moja. Niliona aibu, kama nimemtupa. Leo nimetukanwa mpaka nimekufa. Miaka kumi na moja, mtani. Nilikuwa nimesahau ladha yake. Haya, baki salama, kichwa kiazi."

Mjomba aliomba kuusikiliza mara mbili. Halafu akaenda nje kukata majani ya mbuzi, ingawa hatuna mbuzi.

Nilimpigia Tomasi. Baada ya kumwamkia nilimwomba jambo moja. Kanuni ya kumi na mbili ya Bandari Mpya inasema aliyetendewa akisema ameridhika, kesi inafungwa palepale. Nikamwomba kesho aseme ameridhika.

"Unataka nikuonee huruma?" aliuliza. "Mbele za watu? Mimi mtani wako?" Alionekana ameumia kweli. "Mwanangu, hilo usiniombe."

Jumapili Mjomba alitakiwa arudi mlimani baada ya misa ya kwanza. Hakurudi. Saa nane kasorobo alikuwa kwenye kigoda chake nyuma ya bega langu, amevaa koti lake la kanisani na kofia, kana kwamba watamwona. Shadia alikuwa ameniandikia maneno ya kuomba radhi kwenye simu, mistari mitano, safi, haina kosa.

"Soma tu, Fide," aliniambia. "Sekunde ishirini. Usiongeze chochote. Usipambe. Wewe ukipamba unaharibu."

"Nitasoma," nilisema, na nilikuwa na maana hiyo. Nilikuwa nimelala na ile sare akilini. Kiburi changu nilishakikunja nikakiweka mfukoni.

"Unasoma nini?" aliuliza Mjomba.

"Naomba radhi."

"Kwa mtani?"

"Ndiyo."

Mjomba alifunga kifungo cha koti lake. Kisha akasema, si kwa ukali, "Mtani haombwi radhi, mpwa wangu. Radhi unamwomba mtu baki. Ukimwomba yeye umemwambia hamjuani."

Ukumbi wa jiji ulijaa. Sijawahi kuona watu wengi hivyo Bandari Mpya tangu siku benki ilipoporwa. Evance alikuwa mbele, amevaa joho. Alisoma mashtaka matatu kwa sauti ya habari ya saa mbili. Halafu akasema, "Marehemu yupo?"

"Nipo," alisema mtu mwenye suruali mpya na jina jipya kabisa. Tomasi alikuwa amejiandikisha upya asubuhi ile. Jina alilojichagulia lilikuwa Anayedai Sufuria.

"Ueleze ukumbi kilichotokea."

"Nilianguka," alisema Tomasi. "Huyu bwana akaja. Akanitukana mimi, akamtukana babu yangu, akanifunga bandeji mdomoni. Mjomba wake akasema niachwe nife. Nikafa. Na gari lake lilikuwa linanuka vitunguu."

"Mchezo hauna harufu," alisema Evance.

"Nilisikia hivyohivyo."

Evance aliandika. Nilimwona anaandika. Kila Tomasi alipofungua mdomo nilizama shubiri nyingine. Alisema nilimcheka akiwa anakata roho. Alisema namna ninavyoendesha, ng'ombe wa Dakawa wangenipita. Alidai fidia ya jogoo mmoja, sufuria ya babu yake, na Mjomba Kasiani acheze mbele ya watu akiwa amejifunga kanga.

"Ukumbi huu hauna jogoo," alisema Evance.

"Basi ni ukumbi gani huu?"

"Anatania, Evance," Shadia aliingilia. "Wote wanatania. Huoni?"

"Naona mtu aliyepoteza miaka miwili ya kazi yake," alisema Evance. "Sina kifungu cha utani kwenye kanuni. Dokta Radi, sitazunguka. Omba radhi hapa, kwa sauti, kila mtu asikie, nitakupa onyo na utabaki na gari lako. Ukikataa, vua sare."

Nikashika simu. Mistari mitano ya Shadia ilikuwa inang'aa. Nikafungua mdomo. Ukumbi wote ulikuwa kimya, na katika ukimya huo nikasikia maji ya Dakawa yanapita kwenye mfereji, kilomita nyingi kutoka nilipokaa.

"Soma basi," alisema Tomasi. Alisema kwa upole. Alisema kama anavyosema mtu aliyesimama kwenye mazishi ya adabu. "Soma tu, kijana. Ni sawa."

Hakuniita mtani. Hakuniita kichwa kiazi. Aliniita kijana, kama nilikuwa mpita njia.

Nikaiweka simu kifudifudi mezani.

"Siombi radhi," nilisema. "Nilimtukana na nilimtukana vizuri. Kosa langu ni moja, nilisahau kumtibu huku namtukana, na fundi wa kweli anafanya yote mawili kwa pamoja. Sare hii hapa."

Nikabonyeza kitufe. Ningependa kusema niliondoka kwa heshima zote. Ila Bandari Mpya ukivua sare unabaki na nguo za ndani mpaka ununue nyingine, na mtu wangu akabaki katikati ya ukumbi wa jiji na singlendi na kaptura ya bluu, miguu myembamba, mbele ya mji mzima. Mchungaji akageuza uso. Nyuma yangu Mjomba Kasiani alisema, "Simama wima." Nikasimama wima kwenye kiti changu cha plastiki.

"Imeandikwa," alisema Evance, na sauti yake haikuwa na furaha. "Kesi imefi—"

"Ngoja kwanza," alisema Tomasi. "Nina swali kwa huyu mwenye kaptura. Chuma Mzito kazikwa wapi?"

"Hajazikwa," nilisema. "Mwili uliyeyuka."

"Nani aliruhusu?"

Evance alijikohoza. "Humu hatuna utaratibu wa mazishi. Hatujawahi kufikiria."

"Watu mia mbili," alisema Tomasi, "miaka yote hii mnakufa, na hamjafikiria." Maji yalipita kidogo. "Bwana mkubwa, kuna kanuni ya kumi na mbili, au nimedanganywa?"

"Ipo. Ukiridhika, kesi inafungwa na yeye anarudishiwa sare yake. Umeridhika?"

"Hata kidogo. Ila nitaridhika akiniahidi kitu."

"Akuahidi nini?"

"Kama ni mtani kweli, anajua. Kama hajui, mwache na kaptura yake."

Watu wote waligeuka wakanitazama. Sikia: mimi maneno huwa nayapanga kabla. Nayageuza, nayapima, nayakata. Safari hii sikuwa na hata moja lililopangwa. Nilimtazama Mjomba. Alikuwa amevua kofia, ameiweka gotini, midomo yake inatetemeka kama mtu anayezuia kicheko au kitu kingine. Hakunisaidia. Akaisogeza tu maiki karibu na mdomo wangu.

"Tomasi," nilisema. "Chuma Mzito nitamzika leo jioni, kando ya ile pampu, na gari langu litatangulia na king'ora, na mji mzima utapisha. Huyo ni wa humu. Sasa nakwambia wewe wa huko kwenye maji. Siku utakayokufa, uwe Dakawa, uwe wapi, nitakuja. Kaburi nitachimba mimi kwa mikono hii ya kuchomelea mageti. Nitalala humo kwanza nione kama kichwa chako kitaenea, na sitatoka mpaka watu wako wanipe jogoo. Atakayekuja kulia kwa adabu nitamfukuza. Nitakutukana tangu nyumbani mpaka kaburini, wewe na babu yako na sufuria yenu, na nikikupitisha mji wowote njiani nikasikia mtu anakupa pole, narudi naanza upya. Halafu nitakufukia vizuri, mtani wangu, miguu yote ndani. Naahidi."